Skana ya Mama Nakijwa

Mama Nakijwa hakushuka Same kupiga soga. Aliingia dukani kwa Bi Fadhila saa nne asubuhi, matope ya Hemkunde yamegandia raba zake, akatua mkoba juu ya kaunta na kusema anataka skana ya kunasa redio.

"Habari za mlimani kwanza," alisema Bi Fadhila bila kuinua macho. Alikuwa akifungua redio kwa bisibisi.

"Nzuri. Nataka skana."

"Nyie Wapare na kesi. Umemshtaki nani safari hii?"

"Sijashtaki mtu. Kashtakiwa mwanangu."

Bi Fadhila aliweka bisibisi chini.

Habari yenyewe ilikuwa fupi, na Mama Nakijwa hakuirefusha. Nakijwa, binti yake wa pekee, alikuwa mkunga wa zahanati ya Hemkunde. Dawa na damu zilipanda mlimani kwa ndege zisizo na rubani, ambazo watu walishazoea kuziita mwewe. Hakuna mtu aliyeziendesha. Ziliagizwa kwa redio na mtambo mmoja ulioitwa Mratibu, nao ndio ulioandika nini kimetoka, nini kimefika na nani kapokea. Ndani ya miezi miwili Mratibu aliandika kwamba masanduku matatu ya damu yamefika Hemkunde na Nakijwa kayatilia sahihi. Kwenye friji ya zahanati hayakuwepo. Alhamisi ya wiki iliyofuata Nakijwa alitakiwa mbele ya baraza la nidhamu kujibu tuhuma ya kuuza damu ya wagonjwa.

"Na wewe unasemaje?" aliuliza Bi Fadhila.

"Nasema mwewe hakufika. Lakini mimi ni mama yake, maneno yangu yana uzito gani? Nataka kumsikia mwewe mwenyewe."

Bi Fadhila aliingia nyuma, akarudi na skana tatu, akazipanga kwenye kaunta. Mama Nakijwa aliinyooshea mkono ya katikati, yenye skrini ya rangi iliyokuwa ikimetameta.

"Acha. Watu wote hushika hiyo. Wananunua, halafu ndiyo wanauliza inasikia nini. Wewe anza na unachotaka kusikia." Aliinua ile ndogo ya kwanza. "Hii ilikuwa nzuri enzi za mama yangu. Sauti ilikuwa inasafiri kama sauti. Siku hizi inakatwakatwa, inageuzwa tarakimu, ikifika inaunganishwa upya. Hii haijui tarakimu. Itakupa mkwaruzo mtupu, kama mtu anakaanga vitumbua."

"Na hii ya rangi?"

"Inajua tarakimu, ila inakaa masafa mamoja. Mwewe na Mratibu hawakai. Kuna mkondo wa amri unaowaambia kila mara: wewe hamia huku, wewe nenda kule. Sentensi moja huku, ya pili kule. Skana isiyosoma mkondo wa amri itakupa vipande vya mazungumzo ya watu kumi, na utarudi hapa kunitukana."

Ya tatu ilikuwa ya kijivu, imechubuka pembeni, nzito kama nusu tofali. Bi Fadhila aliiwasha. Tarakimu zilitiririka polepole kwenye kioo cheusi. "Hii inafuata. Ikisikia amri ya kuhama inahama nayo. Inarekodi pia. Sura haina."

Mama Nakijwa aliigeuza. Alikuwa na stashahada ya ufundi umeme, na miaka ishirini na sita alikuwa ametengeneza mashine za kukaushia tangawizi za ushirika wa Hemkunde. Kifaa chochote alikipima kwa kutazama nyuma yake, si uso. Kifuniko kilishikwa kwa skrubu, si kwa gundi. Betri ilikuwa ya kawaida, ile ile ya tochi za mgodini. Spika ilikuwa pana kama kiganja.

"Ina uwezo wa kufungua mikondo iliyofungwa?"

"Hakuna skana yenye uwezo huo, na anayekuambia anayo mkimbie. Ya polisi imefungwa. Ya mwewe wameiacha wazi, kwa sababu mwewe akianguka porini ninyi wa mlimani ndio mtakaomtafuta." Bi Fadhila alivuta kitabu cha usajili. "Sasa sikiliza vizuri. Sheria ya Hewani, kifungu cha tisa. Kusikia ni ruksa. Kumweleza mtu mwingine ulichosikia, ambacho hukutumiwa wewe, ni kifungo cha mwaka mmoja. Hata kama ni mumeo. Hata kama ni kweli."

"Hata mbele ya baraza?"

"Hasa mbele ya baraza. Watakufunga, na ushahidi wako wataukataa."

Mama Nakijwa alichukua kalamu akaandika jina lake lote, Eliwaza Mrutu, kwa herufi kubwa.

"Umenielewa lakini?" aliuliza Bi Fadhila.

"Nimekuelewa. Nifungie."

*

Hemkunde nzima iliamini kitu kimoja kuhusu antena: ipandishe juu. Nyumba iliyo bondeni ilipandisha mlingoti, iliyo kwenye mteremko ikapandisha mlingoti mrefu zaidi, na kila bomba lililosalia kijijini liliishia na antena kileleni. Mama Nakijwa naye, na stashahada yake, alifanya vilevile. Ijumaa alifunga antena ya skana juu ya paa la ghala la tangawizi.

Mratibu alitoka amekatikakatika, kama mtu anayeongea huku anapigwa makofi mgongoni. "Mwe... saba... nakuo... shuk... imefu..." Akaongeza bomba. Ikawa mbaya zaidi. Jumamosi alibeba antena hadi kwenye ukingo wa juu kabisa wa kijiji, pale minara yote mitatu ya redio inapoonekana kwa macho, akiwa na uhakika kwamba sasa atasikia hadi mwewe anavyopumua. Hakupata hata neno moja zima.

Alishuka amenuna. Mvua ilimkuta njiani. Aliingia jikoni, akaitupa antena ndani ya karai la bati lililokuwa limeegemezwa kwenye ukuta wa mawe, akainama kuchochea moto.

"Mwewe nne," ilisema skana kwenye mkoba wake, kwa sauti ya mwanamke mtulivu, "nakuona. Endelea na safari."

Mama Nakijwa aliganda na ukuni mkononi.

Alikaa chini sakafuni, karai mbele yake, akawaza kifundi. Minara mitatu. Yote inasema neno lile lile kwa wakati ule ule, ili mwewe asimpoteze Mratibu nyuma ya kilima chochote. Lakini mnara mmoja uko karibu na mwingine uko mbali, kwa hiyo neno moja linafika mara tatu, kila mara limechelewa kidogo kuliko lililotangulia. Sikio la mtu haliwezi kujua. Skana inayohesabu tarakimu inazikuta zimepandana, hii juu ya ile, na inachanganyikiwa. Mwewe ametengenezwa kuzichambua. Skana ya dukani haikutengenezwa hivyo. Na kadiri alivyoipandisha, ndivyo alivyozidi kuiweka mbele ya minara yote mitatu.

Haikuhitaji kusikia zaidi. Ilihitaji kusikia kidogo.

Aliliinamisha karai, akaligeuza taratibu kama anayetafuta upande wa kivuli, hadi ukuta wa mawe ukaziba minara miwili na mdomo wa karai ukaelekea mnara wa Ikuza peke yake. Mratibu akaongea wazi kiasi kwamba Mama Nakijwa alitazama nyuma.

Nakijwa alipoingia jioni ile kutoka zamu alimkuta mama yake amekaa sakafuni mbele ya karai, daftari mapajani, anaandika.

"Mama, unaongea na sufuria?"

"Karai. Kaa."

"Sikai. Mama, mkaguzi anakuja Jumatatu. Atakaa zahanati hadi siku ya baraza, ananichunga kama mwizi. Halafu wewe nyumbani unasikiliza redio za watu." Nakijwa alivua viatu, akaketi hata hivyo, mabega yameshuka. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na tangu tuhuma zianze alikuwa akitembea kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa. "Umesikia nini?"

Mama Nakijwa alifunga daftari. "Sheria inasema nisikwambie."

Walitazamana, na Nakijwa akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

"Basi usiniambie," alisema. "Na kwenye baraza usiseme. Ukisema, utafungwa wewe, ushahidi watautupa, nami nitakuwa mwizi mwenye mama mfungwa. Niahidi."

Mama Nakijwa hakuahidi. Alimpakulia chakula.

Jumapili na Jumatatu alisikiliza hadi akaujua mwendo wote. Siku ya jua mwewe alitua alipotumwa na hapakuwa na la kusema. Siku ya ukungu hakuona kiwanja, akaomba kingine, akashusha mzigo popote palipokuwa na nafasi, kisha akasubiri. Mratibu naye alikuwa amefundishwa kwamba hakuna kazi inayozidi dakika arobaini. Dakika zikitimia aliifunga: mzigo umefika, umepokelewa, sahihi ya mpokeaji wa kawaida. Hakuwa na nia mbaya. Hakuwa na nia yoyote. Alijaza nafasi iliyokuwa wazi kwa jina lililozoeleka kukaa hapo.

Yote hayo Mama Nakijwa aliyarekodi. Na yote hayo, kisheria, yalikuwa hayana thamani ya ganda la tangawizi.

*

Jumanne ukungu ulishuka hadi vibarazani. Ilikuwa siku ya msaragambo, siku ambayo kila nyumba ya Hemkunde hutoa mtu na jembe kwenda kwenye kazi ya wote. Zamu hii ilikuwa kuzibua ndiva, lile bwawa la mawe linalogawa maji ya mashamba ya juu. Mama Nakijwa alikuwa amechelewa. Alisimama jikoni na jembe begani, anajiambia dakika moja tu.

"Mratibu, mwewe saba," ilisema skana. "Nina sanduku namba mia mbili na sita, damu, chupa mbili, la Hemkunde. Sioni kiwanja."

"Mwewe saba, tumia kiwanja mbadala."

"Natua Kirore."

Kirore ilikuwa shule iliyofungwa miaka kumi na mmoja nyuma. Uwanja wake ulikuwa umebaki wa mbuzi.

Akajua damu ile ni ya nani. Alfajiri alikuwa amepishana njiani na watu waliombeba Navoneiwa, mke wa mwalimu, mimba ya kwanza, ameshika tumbo na kanga imelowa. Alichukua simu akapiga zahanati. Ilipokelewa kwa spika. Mkaguzi alikuwa ameagiza simu zote pale zipokelewe hivyo.

"Mama, siwezi kuongea," ilisema sauti ya Nakijwa kutoka mbali. "Damu haikatiki. Mratibu anasema bado dakika kumi."

"Naki..."

"Dakika kumi, Mama. Niache."

Simu ikakatika.

Mama Nakijwa alisimama. Kirore ilikuwa mwendo wa robo saa kwa mtu anayekimbia, juu kidogo ya ndiva. Angeweza kwenda peke yake sasa hivi, alichukue sanduku, alikimbize zahanati. Na mkaguzi angemwona mama wa mtuhumiwa akiingia amekumbatia sanduku la damu ambalo hakuna aliyejua liko wapi. Atauliza ulijuaje. Ukijibu, kifungu cha tisa. Usipojibu, umekutwa na mali ya wizi mkononi, na Alhamisi baraza halitahitaji hata kukaa. Angeweza pia kubaki, akanyamaza, akalinda rekodi zake na binti yake. Navoneiwa angekufa akisubiri dakika kumi zisizokwisha.

Aliwaza hayo yote kwa muda wa kutua jembe chini. Mtoto wa mtu anakufa, wangu anafungwa. Akaona kwamba kosa lilikuwa kwenye lile neno, "peke yake". Peke yake angekuwa mwizi. Peke yake angekuwa mpelelezi.

Aliweka skana ndani ya karai, antena juu yake, karai kichwani, akatoka mbio.

*

Kwenye ndiva walikuwa watu kama themanini, wamezama magotini kwenye matope. Bwana Mjema, mwenyekiti wa ndiva, mtu aliyependa kesi kuliko chakula, alimwona akitokea kwenye ukungu.

"Aha, huyo. Msaragambo ulianza saa moja. Katibu, muandike Mama Nakijwa mtoro. Na hana jembe. Muandike mara mbili. Mama, umetuletea nini cha kuuza?"

"Nyamaza, Mjema."

"Mwenyekiti haambiwi nyamaza."

"Mheshimiwa mwenyekiti, nyamaza."

Watu wakacheka. Yeye aliteremsha karai, akaliweka kwenye kona ya ukuta wa ndiva, minara miwili nyuma ya mawe, mdomo upande wa Ikuza. Akalizungusha kidogo kulia. Akashika kitufe cha sauti, akakizungusha hadi kikagoma.

"Mratibu, mwewe saba." Sauti iligonga mawe ikarudi. "Sanduku mia mbili na sita, damu, la Hemkunde. Liko chini Kirore. Nasubiri kupokelewa."

"Ni nini hicho?" aliuliza mtu.

Mama Nakijwa alionyesha karai kwa kidole. Hakusema neno.

"Hicho ni nini, Mama Nakijwa?"

Akaonyesha karai.

Baada ya dakika moja mwewe akarudia, kwa sauti ile ile isiyochoka: damu, la Hemkunde, liko chini Kirore. Majembe yalikuwa yamesimama. Maji yalisikika yakidondoka.

"Kirore gani?" alisema Mjema polepole. "Hii hii ya mbuzi?"

"Damu," alisema mwanamke aliyekuwa katikati ya bwawa. Alikuwa mama mkwe wa Navoneiwa, aliyekuja msaragambo kwa sababu wauguzi walimfukuza wodini kwa kulia. "Nakijwa alisema damu inakuja. Alisema dakika kumi. Hiyo ni karibu nusu saa sasa."

Hakusubiri jibu. Alitupa jembe, akapanda ukuta kwa mikono na magoti, akashika njia ya Kirore. Nyuma yake wakafuata wote, wazee kwa vijana, matope hadi mapajani. Mjema alikimbia akiwapita watu huku akitangaza kwamba yeyote asiguse sanduku hadi mashahidi wawe watano au zaidi. Mama Nakijwa alikimbia nyuma na karai lake kichwani, na kila njia ilipoingia kwenye kivuli cha kilima, skana ilisafika na mwewe akasikika tena.

Walilikuta sanduku katikati ya uwanja, jekundu, mbuzi wawili wamelizunguka wanalinusa. Utepe wake ulikuwa mzima. Mjema aliwahesabu mashahidi, akaacha kuhesabu alipofika arobaini, akalinyanyua juu ya kichwa chake kwa mikono miwili ili kila mtu aone ule utepe, na akaanza kushuka hivyo hivyo, mikono juu, akisema, "Tazameni. Haujakatwa. Tazameni vizuri, mtaulizwa."

Walikuwa kwenye kona ya mwisho, bati la zahanati linaonekana, pale Mratibu alipoongea.

"Mwewe saba, dakika arobaini zimetimia. Sanduku mia mbili na sita limepokelewa zahanati ya Hemkunde. Mpokeaji: Nakijwa Mrutu. Sahihi imethibitishwa. Kazi imefungwa."

Msafara mzima ulisimama.

Watu themanini walitazama sanduku juu ya kichwa cha Mjema. Kisha wakatazama zahanati, hatua mia mbili mbele yao. Mtu mmoja alianza kucheka, wa pili akafuata, na kicheko kikashuka mlima mbele yao. Haikuwa dharau. Watu hao wote kwa pamoja walikuwa wamemwona mwizi, na hakuwa mtu.

"Twende," alisema Mama Nakijwa. "Mtacheka mkifika."

*

Mkaguzi Shayo alikuwa kizingitini mwa chumba cha uzazi, mahali alipokuwa tangu asubuhi, kishikwambi mkononi. Alikuwa mtu wa kazi yake. Kwa siku mbili hakuwa ameondoa macho kwa Nakijwa ila kwa kwenda haja. Kwa saa nzima iliyopita alikuwa amemtazama akikandamiza tumbo la Navoneiwa kwa mikono miwili yenye glavu, jasho likimtiririkia machoni, akiuliza bila kugeuka: "Imefika?" Na dakika mbili zilizopita kishikwambi kilikuwa kimelia na kuandika kwamba imefika. Kwamba mkunga yule, ambaye mikono yake ilikuwa mbele ya macho yake, amepokea na kutia sahihi.

Bado alikuwa anakisoma kishikwambi kwa mara ya tano wakati ua ulipojaa watu.

"Mashahidi themanini," alisema Mjema akihema, "utepe mzima, limetoka Kirore, limebebwa wazi. Pokea."

Shayo alilitazama sanduku, namba mia mbili na sita. Akatazama kishikwambi. Hakupokea. Alisogea pembeni ya mlango.

"Mpeni yeye," alisema. "Haraka."

Nakijwa aliinyakua chupa ya kwanza, akahakiki kundi la damu, akatundika. Mlango ukafungwa.

Nje hapakuwa na kelele tena. Mama Nakijwa alikuwa ameweka karai kibarazani, chini ya ukuta, na skana iliendelea na habari zake kana kwamba hakuna lililotokea: mwewe saba anarudi, betri nusu, kazi zote zimefungwa. Shayo aliisikiliza amesimama. Kisha akavuta meza ya dawa hadi mlangoni, akaketi, akatoa karatasi.

"Nani aliwaeleza kwamba sanduku liko Kirore?"

Shayo aliigonga karatasi kwa kalamu.

"Nauliza kwa sababu nalazimika kuuliza."

"Skana ni yangu," alisema Mama Nakijwa. "Imesajiliwa. Eliwaza Mrutu. Andika."

"Andika na hili," Mjema alidakia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesubiri siku hii maisha yake yote. "Kifungu kinakataza kumweleza mtu. Huyu mama hakutueleza. Tulimuuliza mara mbili, akanyamaza kama jiwe, na si kawaida yake. Tulisikia wenyewe. Kusikia ni ruksa. Kosa limeanzia pale tulipoulizana Kirore ipi, na hapo aliyeuliza ni mimi. Kwa hiyo mshtakiwa wa kwanza ni mimi. Mjema, kwa j. Usikosee."

"Wa pili mimi," alisema mama mkwe wa Navoneiwa. "Nilisema damu. Nilisema kwa sauti."

"Nami nilimwambia huyu hapa," alisema mwingine.

"Kweli aliniambia. Nikamwambia mke wangu."

Shayo aliweka kalamu chini. Alitazama kishikwambi kilichosema uongo na karai lililosema kweli, akatazama ua ule wa watu wenye matope hadi mapajani, wakipanga foleni bila kuambiwa, wakibishana nani alitangulia kusimulia.

Kisha akaishika kalamu tena, na kwenye mstari wa kwanza kabisa akaandika jina lake mwenyewe. Naye alikuwa ameisikia skana ikisema kazi zote zimefungwa. Asubuhi ya kesho angekwenda kumweleza mwenyekiti wa baraza.

Akamgeuzia Mjema karatasi.

Foleni ilikuwa imefika getini mlango ulipofunguliwa. Nakijwa alisimama hapo, glavu ameshazivua, gauni la kazi limechafuka kifuani.

"Wanapumua," alisema. "Wote wawili. Msichana."

Mama mkwe alikaa chini palepale alipokuwa, kwenye matope, akajifunika uso kwa kanga. Kuna waliopiga vigelegele. Mama Nakijwa hakupiga. Alikuwa amemshika mwanawe kichwa kwa mikono miwili, amemshika kwa nguvu, na hakuwa na mpango wa kumwachia.

"Foleni ya nini hii?" aliuliza Nakijwa, uso wake umebanwa begani kwa mama yake.

"Ya kushtakiwa," alisema Mjema kwa fahari.

"Wa mwisho nani?" Alijitoa taratibu, akafuta macho. "Niliisikia redio dirishani. Nami nimo."

"Wewe hapana," alisema Shayo. "Jina lako limeshaandikwa leo mara moja bila wewe. Inatosha."

Akageuka kumpa kalamu aliyefuata, ndipo alipoona karatasi imejaa hadi pembeni, na watu bado hamsini. Alipekua mkoba. Hapakuwa na nyingine tupu. Palikuwa na moja tu, yenye mhuri juu, imeandaliwa kwa ajili ya Alhamisi: hati ya mashtaka dhidi ya Nakijwa Mrutu, ukurasa mmoja, upande mmoja.

Mkaguzi Shayo aliisoma mara ya mwisho. Akaigeuza, akaunyoosha upande mtupu juu ya meza kwa kiganja, akaisogeza mbele.

"Anayefuata," alisema. "Andika hapo."